Kabla ya Kuchagua Mchezaji wa Nje, Hesabu Zamu Zake

Ikifika Machi simu yangu haipumziki. Ligi yetu ya fantasi ya besiboli ina timu 12, wengi wetu tunafanya kazi kwenye ghala moja hapa Ohio, na Waswahili ndani yake tunahesabika. Waliobaki ni Wamarekani na Wadominikana waliokulia uwanjani. Swali linalokuja kila mara ni lile lile: nje nimchukue nani? Warushaji hawaniulizi sana, wadakaji ndiyo kabisa. Wanauliza kuhusu wale watatu wanaosimama mbali kwenye nyasi, kushoto, katikati na kulia, maana huko ndiko majina makubwa yaliko, na huko ndiko watu wanakochoma raundi zao.

Jibu langu huwa linawachosha: kabla hujauliza anapiga vipi, uliza atapiga mara ngapi.

Kwa aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kuna jambo moja la kusahau kwanza. Huku hakuna habari ya kila mtu kuwa na Haaland. Kwenye drafti, yaani siku tunapochagua wachezaji kwa zamu, raundi baada ya raundi, mchezaji ana mwenyewe. Ukimchukua Aaron Judge, wenzako 11 ndiyo basi tena hadi msimu uishe, labda mje mbadilishane. Wapigaji wanahesabiwa kwa safu tano: wastani wa kupiga, homrani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja), mikimbio anayoifunga mwenyewe kwa kuzunguka besi zote, mikimbio anayowaingizia wenzake, na besi za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa). Katika kila safu timu zinapangwa, wa kwanza anapata pointi 12 na wa mwisho anaambulia moja. Mtindo huu ulibuniwa mwaka 1980 na Daniel Okrent na wenzake, na hadi leo unaitwa kwa jina la mgahawa wa New York walipokuwa wakikutania, La Rôtisserie Française. Uzuri wake ni kwamba huwezi kushinda kwa kujaza safu moja tu. Ukimaliza wa kwanza kwa tofauti ya homrani 40 au ya homrani moja, pointi ni zile zile 12.

Sasa hesabu. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu inaweka watatu nje, kwa hiyo nafasi ni 90. Sisi tuko 12 na kila mmoja anatakiwa kuwa na wachezaji watano wa nje. Hao ni 60. Ongeza wale wa benchi na wale wanaojaza nafasi ya mpigaji yeyote, tunapita 70. Katika zile nafasi 90, nyingi zina wachezaji wawili wanaogawana: huyu anayepiga kwa mkono wa kushoto anaanza siku mrushaji ni wa kulia, mwenzake anaanza siku mrushaji ni wa kushoto. Ukiwatoa hao, utaona kwamba wanaocheza kila siku hawatutoshi. Ndiyo maana mtu anayesema "nje wako wengi, nitachukua baadaye" anasema kweli kama ligi yake inataka watatu tu, kwa sababu 36 kati ya 90 si tatizo. Kwenye ligi ya watano maneno hayo hayo yanamfikisha raundi ya 18 akibishana na nafsi yake kati ya mtu anayepiga mara tatu kwa wiki na kijana ambaye bado yuko ligi ndogo.

Kwa hiyo karatasi yangu ya drafti huanza na safu ambayo haimo kwenye zile tano: zamu za kupiga. Ndani yake naweka vitu viwili. Kwanza, anaanza kila siku au anagawana? Hili halihitaji utaalamu. Tafuta siku tatu nne ambazo timu yake ilikutana na mrushaji wa mkono wa kushoto, uangalie kama jina lake lilikuwemo kwenye kikosi. Kama halikuwemo hata mara moja, umeshajua unanunua theluthi mbili ya mchezaji, hata kama homrani zake zinavutia.

Pili, anapiga wa ngapi? Hapa ndipo wengi wanapita bila kutazama. Kila ngazi moja ya kushuka kwenye mpangilio wa wapigaji inamgharimu mchezaji zamu 18 hivi kwa msimu. Mechi ni 162, wapigaji ni tisa, na mechi inaweza kumalizikia kwa yeyote kati yao. Gawa 162 kwa tisa, unapata 18. Wa kwanza na wa saba wanapishana zamu 108, karibu mwezi mzima wa kazi. Ronald Acuña Jr., mwaka ule wa 2023 alipopiga homrani 41 na kuiba besi 73, alipata zamu 735. Kipaji ni chake, sikatai, lakini mpe kipaji kile kile mtu anayepiga wa saba halafu akapumzishwa kila Jumapili, uone hesabu itakuwaje. Anayepiga wa kwanza hupungukiwa kidogo na mikimbio ya kuwaingiza wenzake kwa kuwa waliomtangulia ni wale wa mkiani, lakini anafidia kwa mikimbio yake mwenyewe na kwa nafasi za kuiba.

Ndiyo sababu mechi za maandalizi za Florida na Arizona nazifuatilia, ila si kwa wastani. Wastani wa Machi hauna maana. Mrushaji anajaribu mpira mpya, na nusu ya anaokutana nao mpigaji watakuwa ligi ndogo ikifika Aprili. Ninachotazama ni kocha amempanga wa ngapi, amemwacha ndani alipoingia mrushaji wa kushoto au amemtoa, na je, akifika besi ya kwanza anajaribu kuondoka? Mambo hayo matatu kocha hayafanyi kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye miguu, maana hapa soko limebadilika na watu wengine bado wananunua kwa bei ya zamani. Mwaka 2023 sheria zilibadilika: besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa, na akabanwa asigeuke kumtisha mkimbiaji atakavyo. Besi zilizoibwa zilikuwa 2,486 mwaka 2022. Mwaka uliofuata zikafika 3,503. Maana yake kwako ni hii: mtu wa besi 20 zamani alikuwa lulu, leo ni wa kawaida. Ukitoka kwenye raundi zako tano za kwanza ukiwa na wachezaji wa nje ambao hawakimbii kabisa, umeanza msimu ukiwa nyuma, kwa sababu wenzako watazipata besi kumi kumi kila kona ya kikosi.

Lakini usichanganye mbio na wizi. Juan Soto si mwepesi. Kwa vipimo vya kasi yuko mkiani kabisa. Mwaka 2024 akiwa Yankees aliiba besi saba. Mwaka 2025 akahamia Mets, akakaa chini na kocha wa besi ya kwanza, Antoan Richardson, akaanza kuwasoma warushaji, akaiba 38. Akawa sawa na Oneil Cruz wa Pittsburgh kileleni mwa National, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na Cruz ni mtu mwenye mbio za kutisha. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama anaruhusiwa kuiba na kama anataka. Timu nyingine zinawaachia watu wao, nyingine zinaogopa kupoteza mkimbiaji. Mchezaji akihama timu, angalia hilo kabla ya kutazama mshahara wake.

Na miguu huumia. Acuña alikatika ligamenti ya goti la kulia 2021 na la kushoto Mei 2024. Aliporudi 2025 alicheza mechi 95, akapiga kwa wastani wa 0.290 na homrani 21, yaani mkono uko vile vile. Besi alizoiba ni tisa tu. Mtu anayemchukua leo kwa kukumbuka zile 73 ananunua picha ya ukutani. Mimi humwandikia besi 15, na kama bei yake kwa hesabu hiyo bado inafaa, namchukua bila wasiwasi.

Mpwa wangu wa Dar es Salaam, ambaye amejifunza mchezo huu kwenye intaneti na sasa ananizidi ubishi, aliwahi kunitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, kwa nini unamkwepa mtu wa homrani 47?" Alikuwa anamsema Kyle Schwarber wa Philadelphia, msimu wa 2023. Nikamwambia achukue kalamu. Schwarber mwaka ule alipiga 47, akafunga mikimbio 108, akaingiza 104. Safu tatu safi kabisa. Wastani wake ulikuwa 0.197: mipira 115 iliyofanikiwa katika majaribio 585 (zamu za kupiga, ukiacha zile anazopewa besi bure). Sasa chukua timu ya fantasi ambayo wapigaji wake wengine wana majaribio 6,400 na wastani wa 0.265. Hiyo ni mipira 1,696. Mwongeze Schwarber: 1,811 katika 6,985. Wastani umeshuka hadi 0.259. Mtu mmoja tu ameivuta timu nzima hivyo, na kwenye ligi iliyobanana hatua hiyo inaweza kukutoa nafasi ya tatu ukajikuta ya nane. Pointi tano zimekwenda. Sikumwambia asimchukue. Nilimwambia akimchukua, mchezaji wake wa nje anayefuata awe mtu wa aina ya Steven Kwan wa Cleveland, ambaye homrani zake ni za kuhesabu kwa vidole lakini mpira haumpiti.

Upande wa pili wa shilingi ni Esteury Ruiz. Mwaka huo huo wa 2023, akiwa na Athletics, aliiba besi 67 na kupiga homrani tano. Watu waliomwokota walishinda safu ya besi karibu peke yake. Msimu uliofuata akashushwa ligi ndogo mapema, majeraha yakafuata, akaishia mechi 29. Mtu wa safu moja ana shida hiyo: siku kocha anapoona kwamba mbio hazilipi pengo la kupiga, anakuondolea safu nzima kwa simu moja. Mchukue, lakini baadaye, na usimfanye nguzo.

Kuhusu ubora wa kupiga, siku hizi huna haja ya kubahatisha. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina vyombo vinavyopima kila mpira, na takwimu ziko wazi bure kwenye tovuti ya Baseball Savant. Mimi naangalia mambo machache tu. La kwanza ni asilimia ya mipira aliyoipiga kwa kasi ya maili 95 kwa saa au zaidi, kama kilomita 153. Chini ya hapo mpira haufiki mbali. La pili ni mara ngapi anafukuza mipira iliyo nje ya eneo la straiki. La tatu ni wastani wake kwenye mipira iliyobaki uwanjani, ukiacha homrani na straiki tatu, yaani kutolewa kwa kukosa mipira. Kwa ligi nzima wastani huo hukaa karibu 0.290 hadi 0.300. Ukiona mtu asiye na mbio wala nguvu amemaliza mwaka na 0.360, mipira yake iliangukia pasipo mtu, na mwakani haitaangukia huko. Kwa mkimbiaji mkali naongeza kidogo, maana yeye huwahi besi kwa mipira inayobingirika.

Hilo la kufukuza ndilo lililonifanya nisimpandishe sana Pete Crow-Armstrong wa Chicago Cubs, ingawa napenda kumtazama kuliko karibu mtu yeyote. Kufikia mapumziko ya Julai 2025 alikuwa na homrani 25 na besi 27, watu wanamtaja kwenye tuzo ya mchezaji bora. Msimu ukaisha akiwa na 31, 35 na wastani wa 0.247. Warushaji waligundua kwamba hawana haja ya kumrushia mpira mzuri, atafuata mbaya. James Wood wa Washington naye alikuwa na 24 kufikia mapumziko yale yale, akamaliza na 31, na straiki tatu alizotolewa nazo zilikuwa 221. Wote wawili ni vijana, wanaweza kurekebisha. Ila bei ya drafti hupangwa kwa kumbukumbu ya Juni, na wewe lipa kwa mwaka mzima.

Kijana si lazima awe hatari, lakini. Jackson Chourio wa Milwaukee alianza 2024 vibaya kiasi kwamba kwenye ligi yetu alitupwa, nikamwona amekaa bure sokoni. Alikuwa na miaka 20. Milwaukee walikuwa wameshampa mkataba mrefu, hawakuwa na haraka ya kumrudisha ligi ndogo, na kila siku alikuwa akipata zamu zake. Akamaliza na homrani 21 na besi 22. Tena ni yale yale: timu ikiwa imejifunga kwa mchezaji, mvumilie. Na Julio Rodríguez wa Seattle usimuuze Mei hata akikutia aibu. Huyu huwaka msimu ukielekea mwishoni. Agosti 2023 alipata mipira 17 iliyofanikiwa ndani ya mechi nne mfululizo, na hiyo ni rekodi.

Uwanja wa nyumbani una uzito wake, japo mdogo kuliko watu wanavyodhani. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi, hewa ni nyepesi, na mpira uliopigwa unakwenda mbali. Mchezaji wa Colorado hupiga vizuri nyumbani halafu akisafiri anakuwa mtu mwingine, kwa hiyo ligi ambazo kikosi hupangwa mara moja kwa wiki zinakulazimisha kutazama ratiba. Pale Yankees, mstari wa kulia una futi 314 tu, na mpigaji wa kushoto mwenye nguvu anapenda sana. Baltimore waliusogeza ukuta wa kushoto nyuma kabla ya msimu wa 2022, wakaurudisha mbele kiasi kabla ya 2025; takwimu za nyumbani za mpigaji wa kulia wa timu ile kwa miaka ile mitatu zisome kwa huruma. Natumia uwanja kuamua kati ya wawili waliolingana. Zaidi ya hapo sitaki.

Majeruhi nao. Byron Buxton wa Minnesota akiwa mzima ni mchezaji wa raundi ya pili: mwaka 2025 alicheza mechi 126, akapiga homrani 35, akaiba besi 24 bila kukamatwa hata mara moja. Shida ni kwamba amekuwa akiumia karibu kila mwaka. Wengine humkimbia kabisa, na hapo nafikiri wanakosea hesabu. Akicheza mechi 100, huna mechi 100. Una mechi 100 za Buxton na 62 za yule utakayemweka badala yake. Kwenye ligi ya wachezaji watatu wa nje, soko limejaa watu wazuri, kwa hiyo mbadala ana thamani na Buxton anafaa kuliko bei yake. Kwenye ligi kama yetu sokoni kumekauka, mbadala ni yule anayepiga wa nane, na hapo bei yake lazima ishuke. Mtu mmoja wa aina hiyo kwenye kikosi natosheka. Wawili ni kutafuta presha.

Na kabla hujaandika jina, hakikisha programu mnayotumia inamtambua kama mchezaji wa nje. Ligi nyingi zinataka awe amecheza huko mechi 20 mwaka uliopita, nyingine kumi au pungufu. Yule yule Schwarber alipiga 56 mwaka 2025, lakini kazi yake sasa ni mpigaji asiyelinda, anayepiga tu bila kusimama uwanjani. Anajaza nafasi ya mpigaji yeyote, na nafasi hiyo ikishajaa, unakuwa huna pa kumweka Shohei Ohtani wala mwingine wa namna hiyo.

Siku yenyewe ya drafti sibebi orodha ya 1 hadi 60. Nabeba karatasi moja yenye matabaka sita, kila tabaka lina watu ninaowaona sawa, na pembeni ya kila jina kuna zamu zake za kupiga nilizomkadiria. Tabaka likiwa na watu saba na zamu yangu bado inarudi, sina haraka, nachukua mchezaji wa besi ya tatu. Likibaki na wawili, nachukua mmoja hata kama wenzangu wanacheka kwamba nimewahi. Tunachagua kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo anayekaa mwisho wa mstari huchagua wawili mfululizo kisha anasubiri majina 22 yapite. Aliye hapo ajue kwamba tabaka analoliona sasa hatalikuta. Kufikia raundi ya saba nataka niwe na watatu wa nje wanaoanza kila siku, angalau wawili kati yao wawe watu wa kuiba. Nani hasa, soko litaamua.

Nafasi ya tano ndiyo inayoleta ubishi. Vijana wa ligi yetu huijaza kwa jina la mtoto anayesubiri kuitwa kutoka ligi ndogo, na kuna mwaka inawalipa. Mimi huchukua mzee fulani mwenye miaka 33, asiye na mashabiki, anayepiga wa pili kwenye timu mbovu. Timu mbovu haina mtu wa kumfanya yeye akae benchi. Atanipa homrani 17, wastani wa kuridhisha, na zamu 600. Wakinicheka kwenye kundi la WhatsApp usiku ule, huwa nimeshalala, kwa sababu zamu yangu ghalani inaanza saa kumi na moja alfajiri.